Wanaosubiri Saa Ileile

Vaasa, 8 Februari 1998

Kaka Kaj,

Hili sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Petra ninayekaa naye dawati moja: mimi ndiye niliyempokonya Bi. Hilja Ojanperä zamu yake ya sauna. Si Taisto. Ni mimi.

Haya, limeshaandikwa, na kwa wino. Ngoja nikueleze upesi kabla sijaichana karatasi.

Mzee Rintala wa ngazi C alifariki Novemba, zamu yake ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni ikabaki wazi. Wewe unaijua nyumba yetu: sauna moja ya mvuke kwa ngazi zote, na kila familia ina saa yake moja kwa wiki. Zamu ya Jumatatu mtu anaweza kuipata kesho asubuhi akitaka, lakini ya Ijumaa saa kumi na mbili watu wanaisubiri mpaka watoto wao wanaoa. Aliyekuwa anafuata ni Bi. Ojanperä. Alijiandikisha kabla mimi sijaanza shule. Basi Taisto, kama mtunza nyumba, akashuka kwenye kile chumba chake cha chini, akafungua programu yetu, akabonyeza kichwa cha safu ya saa ili orodha ijipange, akachukua jina la kwanza lililokaa kwenye Ijumaa saa kumi na mbili, akalibandika ubaoni. Jina lilikuwa Holmlund. Wale mume na mke waliohamia mwaka jana tu, wenye mbwa mweupe.

Nilikuwepo pale mlangoni Bi. Ojanperä alipolisoma, ana mfuko wa viazi mkononi.

"Taisto, miwani yangu imeharibika au ni kichwa chako?"

"Bibi, mimi nabonyeza tu," Taisto akasema huku anacheka. "Inayosema ni mashine."

"Basi iambie mashine ije kunisugua mgongo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliviweka viazi chini, akalisoma lile tangazo tena mpaka mwisho, akapanda ngazi bila kuchukua lifti.

Kisha ikajulikana kwamba akina Holmlund walimpa Taisto chupa ya konyaki wakati wa Krismasi. Hakuificha, iko kwenye rafu karibu na boksi la fyuzi. Walimpa kwa sababu aliwasaidia kuwasha gari lao siku ile baridi ilipotukata masikio. Lakini sasa nyumba nzima inasema ameuza zamu. Na Mama, kama mwenyekiti wa halmashauri ya nyumba, amesema mbele ya watu: "Ile programu imeandikwa na wanangu wawili. Kompyuta haina shangazi wala mjomba. Orodha ikibadilika, kuna mkono wa mtu."

Mkono wenyewe ni huu ninaoandikia.

Ulipokwenda jeshini Julai uliniachia programu. Septemba Taisto akalalamika kwamba akibonyeza kichwa cha safu anaweza kwenda kuchemsha kahawa akarudi, majina bado yanatambaa. Ni kweli. Ile njia yako inachukua jina mojamoja na kulitelemsha polepole mpaka mahali pake, na kila likihama dirisha zima linajichora upya. Nikaona aibu. Nikaitoa, nikaweka njia ya haraka niliyoinakili kwenye gazeti la kompyuta: ile inayokata orodha katikati, wakubwa huku, wadogo kule, halafu inakata tena. Nikaijaribu kwa majina ya ngazi A peke yake. Ikaruka kama umeme na kila mtu akakaa mahali pake. Nikajiona fundi.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki: ile njia, ikikuta rundo dogo, haihangaiki kulikata. Inalipanga mojamoja, kama njia yako. Ngazi A ni rundo dogo. Nyumba nzima si rundo dogo. Na katika nyumba nzima, wanaosubiri saa ileile wanarukana hovyo.

Desemba nilikwenda kumfungia Taisto printa. Nikabonyeza kichwa cha safu: Ojanperä juu, Holmlund chini. Nikabonyeza tena: Holmlund juu. Kama watu wanaobadilishana viti ukipepesa macho. Na programu ikifungwa inahifadhi majina yalivyo wakati huo, na hatukuweka safu ya tarehe, kwa sababu wewe ulisema mpangilio wenyewe ndio kumbukumbu. Kwa hiyo kumbukumbu imepotea.

Taisto alikuwa nyuma yangu anamimina kahawa. Akaniuliza, "Iko sawa, binti?"

Nikasema, "Iko sawa."

Unanijua nilivyo. Shule ya chini kwa Kiswidi, sekondari kwa Kifini, maneno ya lugha mbili kichwani, na siku yakihitajika yote yananikimbia. Hayo mawili tu ndiyo yaliyobaki, na yalikuwa ya uongo.

Nifanye nini? Usipige simu. Simu iko ukumbini na Mama anasikia kila kitu.

Disa


Kambini Dragsvik, 12 Februari

Mdogo wangu Disa,

Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee hapa ambapo mtu anaachiwa nafasi na jambo lake.

Kwanza usilie. Najua umelia, wino umevimba kwenye jina la Taisto.

Pili, kosa lako nimeliona kwa macho yangu juzi hapa uwanjani. Koplo alitupanga kwa alfabeti, halafu akapiga kelele tujipange kwa urefu. Mimi na Björkqvist tuko sawasawa, ukiweka rula juu ya vichwa vyetu haiinami. Kwa alfabeti mimi, Backlund, natangulia. Tungejipanga kwa utulivu ningebaki mbele yake, kwa sababu hakuna aliyetupa sababu ya kubadilishana. Lakini tulikimbia na kusukumana, nikajikuta nyuma yake. Koplo akapita na kuridhika: urefu umepanda vizuri, kosa liko wapi? Halafu akaita majina kwa alfabeti, mimi nikasubiri Björkqvist aliye mbele yangu aitike kwanza, nikachelewa, nikasafisha mabomba ya choo siku nzima. Programu yako ni huyo koplo. Inaangalia urefu tu. Haijali nani alikuwa mbele ya nani.

Dawa ni rahisi. Kwa kasi, tumia njia ya kugawa na kuunganisha. Gawa orodha vipande viwili, panga kila kipande, kisha viunganishe ukichukua mmoja huku mmoja kule. Wawili wakilingana, mchukue daima wa kipande cha mbele. Hapo walio sawa hawarukani hata uwapange mara mia. Ni nzito kidogo kwa kumbukumbu ya mashine, lakini si kwa majina ya nyumba moja. Kwenye orodha ambayo mtu anaibonyeza kwa kidole na kuitazama kwa macho, usitumie njia nyingine tena maisha yako yote. Mtu akibonyeza safu moja, halafu ya pili, anatarajia ya kwanza isivurugwe. Hakuambii kwamba anatarajia. Anatarajia tu.

Tatu, mpangilio haujapotea. Kwenye droo yangu kuna diski imeandikwa "Sauna, Juni". Ni orodha ya kabla sijaondoka. Irudishe, ongeza mwishoni wale wachache waliojiandikisha baadaye, funga, nenda zako. Bi. Ojanperä atakuwa wa kwanza, zamu itampata, Mama atatafuta vita nyingine.

Na nyamaza. Nasema kwa ajili yako. Huna haja ya kusimama mbele ya nyumba nzima na kutetemeka kwa lugha mbili.

Kaka yako,
Kaj


Vaasa, 22 Februari

Kaj,

Nilifanya kama ulivyosema na sasa mambo yameharibika kuliko mwanzo.

Nilishuka Jumanne. Taisto alikuwa nje anaondoa theluji. Alinirushia funguo kupitia dirisha la chini, akasema kuna andazi la iliki kwenye karatasi, mkewe Raili kaleta kutoka kazini, nisimwachie. Nikaweka programu mpya, nikarudisha orodha ya Juni, nikaongeza majina. Nikabonyeza na kubonyeza. Bi. Ojanperä alibaki juu kama msumari. Nilifurahi, Kaj. Nikala andazi lote.

Alhamisi halmashauri ikaomba orodha ichapwe upya. Mama akaja nayo nyumbani pamoja na Rauno Kettunen, yule wa ngazi B anayevaa tai hata akitupa takataka. Wakaiweka mezani karibu na ile iliyochapwa Desemba. Mimi nilikuwa natengeneza chai, nikajigeuza ukuta.

"Gunnel, tazama hapa," Kettunen akasema. "Desemba Holmlund juu. Leo Ojanperä juu. Hakuna aliyehama, hakuna aliyekufa."

Mama akaweka kidole kwenye jina moja, kidole kingine kwenye la pili.

"Ameirudisha," akasema. "Aliona moto umewaka, akashuka usiku akairudisha ilivyokuwa."

"Mwizi anayerudisha baiskeli bado ni mwizi."

"Usimwite mwizi nyumbani kwangu, Rauno." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini nilitaka sana isiwe yeye."

Sukari ilinimwagikia. Mama akasema, "Disa, mikono!" Hiyo tu.

Unaelewa tulichofanya? Kabla ya hapo walikuwa na chupa ya konyaki na maneno ya Bi. Ojanperä. Sasa wana karatasi mbili. Tumemtengenezea ushahidi.

Mkutano mkuu wa nyumba ni tarehe 26 Machi. Watapiga kura aachishwe kazi. Na akiachishwa, ile nyumba ya chini wanayokaa yeye na Raili inakwenda na kazi, unajua hilo. Kuna kampuni ya usafi imeshaleta bei zake.

Nikisema sasa, nitasema nini? Kwamba niliharibu, nikanyamaza, halafu nikaingia kwa funguo zake mwenyewe kufuta alama?

Nijibu haraka.

Disa


Vaasa, 1 Machi

Mwanangu mpendwa Kaj,

Natumaini soksi zimefika na kwamba unazivaa, hukuwapa wengine.

Nakuandikia jambo la nyumba. Umeshasikia habari za Taisto, kama si kwangu basi kwa Disa. Linanisumbua. Nimefahamiana na Taisto tangu wewe unatambaa. Alikubeba mgongoni ulipovunjika mguu kwenye barafu. Ndiyo maana sitaki mtu aseme baadaye kwamba mwenyekiti alimwonea, au kwamba aliwakinga watoto wake.

Raili alinikamata kwenye chumba cha kufulia. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Gunnel, una hakika ile mashine haiwezi kukosea yenyewe?" Nilimwambia nina hakika. Lakini usiku nilijiuliza nina hakika kwa sababu gani, na jibu lilikuwa: kwa sababu ni yenu.

Kwa hiyo nakuomba kama ninavyomwomba fundi, si kama mama: niandikie karatasi, uisaini, useme kama programu inaweza kubadilisha wanaosubiri saa ileile bila mtu kuwagusa. Kama haiwezi, nitaisoma mkutanoni. Kama inaweza, nataka kujua kabla sijamtoa mtu nyumbani kwake.

Disa hali vizuri. Nadhani ni mitihani. Simwulizi sana, ukimwuliza anajifunga kama konokono.

Nakubusu,
Mama


Kambini, 5 Machi

Mpendwa Mama,

Soksi zimefika. Ninazo mbili, Björkqvist ana moja, usiulize.

Kuhusu lile ulilouliza, unaweza kusoma hivi:

"Mimi, Kaj Backlund, nathibitisha kwamba programu ya orodha ya zamu niliyoiandika haibadilishi mfuatano wa watu wanaosubiri saa ileile. Wawili wakilingana, aliyetangulia hubaki ametangulia."

Samahani kwa ufupi, tunakwenda porini kwa mazoezi.

Mwanao,
Kaj


Vaasa, 10 Machi

Kaj,

Karatasi yako iko kwenye mlango wa friji, imeshikwa na ile sumaku ya kambale. Naiona kila nikichukua maziwa.

"Niliyoiandika." Kila neno ni kweli. Wewe uliandika ile ya polepole, na ile haikuwarusha watu. Iliyowarusha ni yangu. Umepanga maneno ya kweli mpaka yakasema uongo, na Mama amekuamini kwa sababu alikuuliza kama fundi. Alinisomea kwa sauti. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema, "Sasa angalau nina hakika." Sijui hata alikuuliza nini hasa, lakini namjua anavyouliza. Aliacha mlango wazi, sivyo? Alikuachia mlango wazi kabisa na wewe ukaufunga taratibu ili usipige kelele.

Nisikilize jambo jingine. Jana Taisto alinisimamisha kwenye baiskeli. Amekonda. Alivua kofia, Kaj. Mbele yangu mimi.

"Binti, wewe unaielewa ile mashine. Njoo unionyeshe nilibonyeza wapi vibaya."

Nikasema, "Hukubonyeza vibaya."

"Hapana, lazima kuna mahali. Mimi na vidole hivi! Sikuuza zamu, hilo najua. Lakini naweza kuwa nilikosea. Raili ananiambia nisiseme hivyo mkutanoni. Mimi naona ni afadhali. Nimeanza kumwandikia Bi. Ojanperä kumwomba radhi, ila sijui niombe radhi kwa kosa gani."

Nilisimama pale nikiwa nimeshika breki. Breki, Kaj, na baiskeli ilikuwa imesimama. Nilimwambia nina darasa la piano.

Sina darasa la piano tangu nikiwa na miaka tisa na yeye anajua. Alikuwa akinifungulia mlango wa ule ukumbi wa chini wenye piano.

Anakaribia kukiri kosa langu kwa niaba yangu, na wewe umeweka saini chini yake. Niambie kwa nini. Si "kwa ajili yako". Niambie kwa nini hasa.

Disa


Kambini, 15 Machi

Disa,

Sawa.

Krismasi nilipokuja likizo nilinakili programu kutoka kwenye mashine ya nyumbani, ile yako ya Septemba. Niliijaribu na nikaona inavyokimbia. Nikaipeleka kwenye ile kampuni ya programu pale bandarini nikisema ni yangu. Wamenipa kazi, inaanza nikitoka jeshini Juni. Yule bwana aliyenihoji alibonyeza kichwa cha safu, orodha ikajipanga kabla hajainua kidole, akapiga mluzi. Mimi nikatabasamu kama mwenyewe.

Kwa hiyo ulipoandika Februari, nilichokiona kwanza hakikuwa wewe wala Taisto. Niliona yule bwana akibonyeza mara ya pili.

Kwa kampuni nilisema programu ya haraka ni yangu. Kwa Mama nikasema yangu ni ya polepole. Nimekuwa nikijipanga kulingana na anayebonyeza. Hata mbele ya Björkqvist siwezi kusema hili kwa sauti, na huyo kaiba soksi yangu.

Na kuna la tatu: tarehe. Ningeweka safu moja tu ya tarehe ya kujiandikisha, haya yote yangeonekana kwa jicho. Nilikuwa mvivu, nikauita uvivu wangu ubunifu.

Nimeweka karatasi ndani ya bahasha hii. Ina kila kitu na saini yangu. Inafuta ile ya friji. Jina lako limo, ndiyo maana naituma kwako, siitumi kwa Mama. Sina haki ya kukutaja bila wewe kukubali. Likizo sijapewa, sitakuwepo tarehe 26. Kampuni nimewaandikia leo asubuhi. Bado hawajajibu, na ninajua watakavyojibu.

Ukitaka kuichoma, ichome. Sitakuuliza.

Kaj


Vaasa, 25 Machi

Kaj,

Mkutano ni kesho jioni. Karatasi yako sikuichoma, lakini pia siitumii, na nataka ujue sababu. Umeandika: "Dada yangu mdogo alikosea bila kujua." Ni maneno mazuri. Nimeyasoma mara nyingi, yananifunika kama blanketi. Lakini bila kujua ilikuwa Septemba. Desemba nilijua. Nilibonyeza mara mbili nikaona, na mtu akaniuliza nyuma yangu iko sawa, nikajibu iko sawa. Hilo huwezi kuliandika wewe, hukuwepo.

Nimejaribu kumwambia Mama. Jumapili tukikunja mashuka, kila mtu ameshika ncha zake, nikasema, "Mama, ile orodha," na yeye akasema, "Ncha, Disa, ncha!" na basi. Jana ndani ya gari nilifungua mdomo nikauliza kama kuna maziwa. Ningekuwa nasimulia kwa Kiswidi ningejificha kwenye Kiswidi, ningekuwa nasimulia kwa Kifini ningesema sikupata neno. Nimechoka kuwa na pa kujificha pawili.

Kwa hiyo leo nimefanya linalowezekana kwa mtu kama mimi. Nimerudi mapema shuleni, nimewasha mashine ya chumbani. Nimeweka ile programu ya Septemba, na orodha ya Juni ndani yake. Iko mbele yangu sasa: Ojanperä, chini yake akina Sjöblom, chini yao watu wa ngazi D, na mbali kabisa, mwisho, Holmlund. Sijaigusa. Kipanya nimekisogeza upande wa kiti cha pili, nimeleta kiti kutoka jikoni. Sitahitaji kueleza kugawa wala kuunganisha. Mama abonyeze mwenyewe. Aone kwa kidole chake jinsi Bi. Ojanperä anavyosukumwa, na hakuna Taisto chumbani. Halafu nitamwambia la Desemba, kwa mdomo. Kama mdomo ukikataa, atasoma hapa, maana hapa limeshaandikwa.

Baada ya hapo ataamua atakavyoamua. Labda kesho atasimama mbele ya Kettunen na tai yake aseme kompyuta ina shangazi, na shangazi mwenyewe ana miaka kumi na tano. Labda atanipeleka niseme mimi. Nikifikiria hilo, natamani kesho isifike. Lakini nimeanza kumfikiria Taisto kesho hiyohiyo, amesimama na kofia mkononi, akitafuta katika vidole vyake kosa ambalo hakulifanya, na hilo ndilo zito zaidi.

Nimemsikia Mama akifungua mlango wa nje. Anapangusa theluji kwenye viatu. Ameweka mifuko jikoni, ameuliza, "Nani kachukua kiti?"

Anakuja. Ukumbi wetu ni mfupi, unajua. Mkono wangu wa kushoto umeshalala juu ya karatasi hii bila kuulizwa, umezoea, na kitabu cha kemia kiko wazi tayari kuifunika.

Nimeuondoa mkono. Kitabu nimekifunga.

Yuko mlangoni. Anasema, "Disa, unamwandikia nani?" Ameangalia kile kiti, ameangalia skrini, sasa anaangalia hapa ninapoandika, na mimi karatasi siigeuzi